Kiduha hakiamshwi na mvua peke yake

Ukiona kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya nafaka, kimechanua maua ya zambarau kwenye mahindi, jua hasara imeshaingia chini ya ardhi. Mmea mmoja hutoa maelfu ya mbegu laini kama vumbi, na zinaweza kukaa hai udongoni zaidi ya miaka 10.

Mbegu hizo zina masharti. Kwanza zipate unyevu na joto kwa wiki moja au mbili. Halafu zinangoja kemikali inayotoka kwenye mizizi ya mahindi, mtama au uwele. Isipokuja, zinaendelea kulala. Na mizizi huitoa kwa wingi zaidi udongo ukipungukiwa fosforasi, ndiyo maana shamba lililochoka ndilo linalojaa kiduha. Kwa hiyo samadi na mbolea ya kupandia ni dawa ya kiduha pia, ingawa wengi huziona za kukuza mahindi tu.

Mbinu ninayoipenda zaidi ni kuzidanganya mbegu hizo. Panda pamba, alizeti au aina zinazofaa za soya: mizizi yake huziamsha mbegu, lakini kiduha hakipati pa kunyonya, kinakufa. Desmodiamu, mmea wa malisho wa jamii ya kunde, ukipandwa kati ya mistari ya mahindi hufanya kazi hiyohiyo, na ng'ombe wanapata majani. Msimu mmoja hautoshi, rudia.

Kung'oa? Ndiyo, ila kabla ya maua. Kikishafunga mbegu, kichome. Usikitupe kwenye samadi. Na ukitoka shamba lenye kiduha, futa udongo kwenye jembe na viatu.