Kumfundisha taamuli mtu ambaye akili yake haitulii

Mwambie mtu mwenye akili inayorukaruka "kaa kimya dakika 20, usiwaze chochote", na atakujibu kwamba hawezi. Ni kweli hawezi, wala wewe huwezi. Zoezi lenyewe la taamuli (meditation) ni hili: unaiweka akili mahali pamoja, inachomoka, unagundua imechomoka, unairudisha. Huko kurudisha ndiko kazi ilipo. Aliyerudi mara 30 katika dakika 3 amefanya zoezi kuliko aliyesinzia kwa utulivu. Mweleze hayo kabla hajafumba macho. Ukimweleza baadaye atadhani unamfariji.

Kuhusu muda, kuwa bahili. Kozi ya taamuli ambayo Jon Kabat-Zinn aliianzisha mwaka 1979 katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, ina mazoezi ya nyumbani ya kama dakika 45 kwa siku. Kwa mtu huyu ni balaa. Mwaka 2008 Lidia Zylowska na wenzake wa UCLA (Chuo Kikuu cha California, Los Angeles) walichapisha jaribio la kozi ya wiki 8 kwa watu wazima na vijana wenye ADHD (hali inayomfanya mtu ashindwe kutulia na kuzingatia jambo), na humo mazoezi ya kukaa yalianza na dakika 5, yakapanda hadi 15. Anayehangaika sana tunamwanzisha chini zaidi: dakika 2, mara 3 kwa siku, wiki nzima. Yafungwe kwenye jambo analofanya kila siku: maji ya chai yakiwa jikoni, au kabla ya kuwasha pikipiki. "Nikipata nafasi" haifiki Jumatano.

Kikao cha kwanza usianze na pumzi. Pumzi ni kitu chembamba, na mwenye wasiwasi akiifuatilia huanza kuiendesha, kifua kikambana. Anza na karanga 3 za kukaanga, zenye maganda yake membamba ya ndani (uliza kwanza nani karanga humdhuru, huyo mpe zabibu kavu). Aitazame ya kwanza nusu dakika. Aisugue karibu na sikio asikie ganda linavyochakarika. Ainuse. Aiweke juu ya ulimi bila kutafuna, ahesabu hadi 10, aone mate yanavyojaa yenyewe. Aing'ate mara moja tu, asimame hapo, kisha atafune. Ya pili afanye hivyo hivyo bila maelekezo yako. Ya tatu ale anavyokula siku zote. Tofauti ataionja mwenyewe, usimhubirie.

Siku inayofuata hamia kwenye nyayo. Akae kwenye kiti, viatu kando, miguu juu ya sakafu. Saruji ya baridi ni msaada mkubwa kuliko zulia. Macho yaangalie chini, si lazima yafumbe. Sema kwa sauti yako ya kawaida: "Sikia visigino. Sikia vidole. Akili ikienda kwingine, ipe jina kimoyomoyo, 'mipango' au 'kero', halafu rudi kwenye visigino." Nyamaza nusu dakika, kumbusha kwa neno moja: "Nyayo." Walimu wengi huharibu hapa kwa kuongea mfululizo, mwanafunzi akawa anasikiliza redio.

Asiyeweza kukaa, atembee: hatua 10 kwenda, 10 kurudi, akihesabu kila kisigino kinapogusa chini. Akipotea, aanze moja.

Wiki ya tatu ndipo ilete pumzi. Ahesabu anapotoa hewa, 1 hadi 10, bila kuivuta kwa nguvu. Wengi hupotea kwenye 4. Aliyejikuta kwenye 23 naye kapotea: mdomo ulihesabu, akili ilikuwa sokoni. Huyo mpe hesabu ya kurudi nyuma, 5 hadi 1.

Mwisho wa zoezi usiulize "umejisikiaje?" Uliza "umerudi mara ngapi?" Mpe punje za maharage mfuko wa kushoto, kila akirudi, ahamishe moja kulia. Siku 2 au 3 zatosha, maana wengine huanza kushindana kwa maharage.

Usingizi ukija, asimame, na msipange kikao baada ya ugali wa mchana. Akiwashwa, akune, ila kwanza auone mkono unavyotaka kuondoka. Bodaboda zikipiga kelele nje, zigeuze ziwe zoezi: sauti inakuja, inapita. Lakini akipata hofu, kizunguzungu, au kumbukumbu mbaya zikimvamia, simamisha. Afungue macho, ashike meza, ataje vitu 5 anavyoviona. Aliyepitia ukatili asilazimishwe kufumba macho hata siku moja. Na anayetumia dawa za ADHD asiziache kwa sababu ya karanga zako. Hilo ni la daktari wake.

Kuna atakayeuliza kama hii ni ibada ya watu wengine. Mjibu waziwazi: mizizi yake ni Ubuddha, na kozi za hospitalini huifundisha bila ibada. Akibaki na shaka, nyayo na hatua zinamtosha.

Siku atakazokosa zitakuwepo. Akikosa 3 mfululizo, mwanzishe tena kwenye dakika 2, hata kama alikuwa amefika 10.