Namna ya Kumvizia Nondo wa Senita

Kwetu Tanga nondo hujileta mwenyewe kwenye chemli. Huyu wa jangwa la Sonora lazima umvizie mlangoni pake, na mlango wake ni ua.

Jina lake la kisayansi ni Upiga virescens. Ni mdogo, wa rangi ya majivu mepesi, na maisha yake yanategemea aina moja tu ya kaktasi, mmea wa miiba wa jangwani, iitwayo senita. Kwa upande wa Marekani, senita karibu zote ziko katika hifadhi ya Organ Pipe Cactus, kusini mwa Arizona, jirani na mpaka wa Mexico. Mimi hutokea mji wa Tucson, huko huko Arizona, kwa gari.

Nenda Mei. Senita huchanua Aprili hadi Agosti, lakini Julai joto hupita nyuzi 40. Fika jua bado liko juu, uchague kaktasi yako mapema. Tafuta yenye mvi: shina la senita likikomaa, ncha yake huota miiba mirefu ya kijivu kama ndevu za mzee, na maua hutokea humo humo. Chagua tumba lililo usawa wa macho. Beba maji ya kutosha, na angalia nyoka kabla ya kukaa.

Tochi ifunike kwa nailoni nyekundu, uifunge na rababendi. Mara ya kwanza nilimulika mwanga mweupe. Jike akaruka, nikakesha hadi saa sita bila kumwona mwingine. Iliniuma sana.

Giza likiingia maua hufunguka. Usimkimbize nondo, kaa na ua lako. Jike akitua, macho yako yawe tumboni mwake. Analisugua kwenye stameni, sehemu za kiume za ua, magamba ya tumbo yanashika chavua, ule unga wa ua. Anahamia ua jingine, analisugua tena tumbo lile lile juu ya stigma, sehemu ya kike inayopokea chavua, kisha anataga yai moja. Nyuki hubeba chavua akiwa anatafuta nekta. Huyu anachavusha kwa makusudi, kwa sababu mwanawe atakula tunda litakalotokana na ua hilo. Ni wadudu wachache sana duniani wanaofanya hivyo, nami sijachoka kumtazama.

Si kila kiwavi hupona, kwa hiyo matunda mengi husalimika na senita hupata mbegu zake. Usipasue tunda ili kuchungulia. Hifadhini ni kosa, na kiwavi uliyemtoa humo hatafika tena kwenye shina, anakotoboa na kugeuka pupa.