Hofu ya VVU baada ya tendo lenye hatari ndogo: pa kuanzia

Ninatoa ushauri nasaha mpakani Malaba, upande wa Uganda, na wengi wanaonijia ni madereva wa malori. Mtu anaingia akitetemeka, ananiambia, "Dada, mimi nimekwisha." Nikimuuliza polepole, nakuta alibusiana tu, au alitumia kondomu na haikupasuka. Siwezi kumcheka. Nchi hii ilianza kuzika watu wa Slim, yaani UKIMWI, kule Kasensero kando ya Ziwa Victoria mwanzoni mwa miaka ya 1980, na aliyelelewa na shangazi kwa sababu wazazi waliondoka hivyo haogopi bure.

Hatua ya 1: Hesabu saa. Kama kondomu ilipasuka, ilichomoka, au haikuwepo, acha kusoma, panda boda uende kituo cha afya sasa hivi. Dawa za PEP, za kuzuia VVU baada ya tendo la hatari, huanzwa ndani ya saa 72, na kila saa unayowahi ina faida. Utapimwa kwanza, kisha utameza kila siku kwa siku 28.

Hatua ya 2: Andika kilichotokea, sentensi tatu tu. Nini kiligusa nini? Kondomu ilikuwepo tangu mwanzo hadi mwisho? Kulikuwa na damu? Andika leo, maana baada ya wiki moja hofu itakuongezea mambo ambayo hayakutokea. VVU haviambukizwi kwa mate, jasho wala kushikana mikono. Kwa ngono ya mdomo hatari ni ndogo sana. Ila kaswende na malengelenge hupita hata kwa kugusana ngozi, kwa hiyo ukiona kidonda au usaha, nenda ukaonwe. Usinunue antibiotiki dukani kwa kubahatisha.

Hatua ya 3: Weka tarehe ya kupima, uizungushie duara kwenye kalenda. Pima sasa ujue ulikoanzia, halafu rudia miezi 3 tangu siku ya tendo. Kama ulimeza PEP, mhudumu atakupangia tarehe zako. Kipimo cha kidole hutafuta kingamwili, na mwili huchukua muda kuzitengeneza. Ukipima kila Jumatatu hujifunzi jipya, unailisha hofu. Nimemwona kijana aliyepima mara tisa kwenye kliniki tofauti, na kila jibu lilimtuliza kwa siku mbili tu.

Hatua ya 4: Hapa ndipo watu huumia zaidi, katika kusubiri. Tumbo linavuruga, usingizi unakata, moyo unakwenda mbio, unajipapasa tezi za shingo mpaka zinauma kwa kupapaswa. Hayo hofu yenyewe huyaleta. Homa ikija, pima malaria kama ambavyo ungefanya mwezi mwingine wowote. Jipe dakika 15 jioni za kuwaza jambo hili. Likikujia mchana, liambie lisubiri zamu yake. Simu usiiulize dalili. Mwambie mtu mmoja anayeweza kutunza siri.

Hatua ya 5: Miezi 3 ikitimia, pima, pokea jibu. Likiwa hasi, na hujajihatarisha tena, ni hasi. Likionyesha maambukizi, litathibitishwa kwa vipimo vingine, na ARV, dawa za kudhibiti VVU, zipo bure kwenye vituo vya serikali.

Na kama jibu ni hasi lakini bado unatamani kipimo kingine, rudi kwangu bila kupanga foleni ya maabara. Mara nyingi aliyekaa mbele yangu wakati huo anamwogopa mke aliyemwacha nyumbani kuliko virusi, na hilo tunaweza kulizungumza.