Sevisi ya mashine ya salfa: somo kwa wenye mikorosho kabla maua hayajatoka

Habari za jioni, wakulima wenzangu. Tangu Jumatatu nimeletewa mashine mbili za kupulizia hapa Newala, na wenyewe walikuja na maneno yale yale: imekufa, nitafutie injini nyingine. Ya kwanza ilikuwa imeziba tundu la kofia ya tangi. Nililichokonoa kwa sindano, ikawaka. Ya pili ilikuwa na petroli ya msimu uliopita, imegeuka rangi na inanuka kama rangi ya kupaka milango. Mikorosho iko karibu kuchanua na ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu tunaoupulizia salfa, haumsubiri mtu atafute fundi, ndiyo maana naandika sasa.

Mimi si fundi wa cheti. Nilijifunzia kwenye mashine ya mjomba, na hiyo ya kwanza niliiua. Alinituma nikapulize shamba lake la Kitangari. Chujio la hewa likawa linakaba, nami nikalitoa nikaendelea bila chujio ili nimalize kabla umande haujakauka. Nilimaliza kweli. Kesho yake mashine ikakosa nguvu, na keshokutwa kamba ya kuwashia ikawa inavutika kama ndani hamna kitu. Tulipoifungua, silinda ilikuwa na michirizi kama imepigwa msasa. Mjomba hakunigombeza. Alinikabidhi ile pistoni akaenda zake. Ninayo mpaka leo kwenye kopo la misumari.

Injini ya mashine ya mgongoni ni ndogo, lakini inafanya kazi mahali pabaya kuliko injini ya bodaboda. Salfa ni unga laini sana. Unaingia kwenye chujio, unakaa juu ya silinda na kuzuia joto lisitoke, na ukiangukia ekzosi ya moto unayeyuka (salfa huyeyuka kwenye nyuzi 115 hivi, na ekzosi inapita hapo bila shida) kisha unaganda kama lami. Ukipata unyevu na kukaa muda mrefu, hutengeneza asidi inayokula bati na waya. Sisi wa uwanda wa Makonde tuliipenda salfa ya unga kwa sababu haihitaji maji, na maji kwetu mnajua habari yake. Basi gharama yake ndiyo hii sevisi.

Hatua ya kwanza: mchanganyo wa petroli na oili

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo mashine nyingi zinapofia. Injini hizi nyingi ni za mipigo miwili, hazina sehemu ya kuweka oili peke yake kama pikipiki. Usitafute kijiti cha kupimia, hakipo. Oili inayolainisha pistoni ni ile uliyoichanganya kwenye petroli, na ukiweka petroli tupu injini inakwenda kavu. Itawaka vizuri, tena kwa mlio mkali unaofurahisha, halafu itashika, yaani pistoni itakwama ndani ya silinda.

Angalia kofia ya tangi au kitabu chake. Utakuta 25:1 au 50:1. Kwenye 25:1 kila lita ya petroli inataka mililita 40 za oili, na kwenye 50:1 mililita 20. Mimi napima kwa bomba la sindano la mililita 20 kutoka duka la dawa: bomba moja au mawili kwa lita, hakuna ubishi. Ule mpira wa ndani huvimba kwa mafuta, kwa hiyo nunua mabomba mawili matatu. Oili iwe ile ya chupa iliyoandikwa 2T. Ile ya injini ya pikipiki, hata kama ni mpya na ya bei, haikutengenezwa ili iungue pamoja na petroli.

Usichanganyie ndani ya tangi la mashine. Chukua kidumu safi, weka nusu ya petroli, mimina oili yote, tikisa, malizia petroli, tikisa tena. Kila unapokwenda kujaza, tikisa kwanza. Changanya ya kutosha siku mbili tatu, basi. Na kwa kuwa vijijini tunanunua petroli ya kwenye chupa za maji, iache itulie dakika chache uitazame kwenye mwanga. Ukiona matone yanatembea chini kama shanga, hayo ni maji. Mrudishie mwenyewe.

Hatua ya pili: chujio la hewa, kila siku ya kazi

Mtu akiniambia anasafisha chujio kila mwezi, najua hapulizi salfa. Ukirudi kutoka shambani, acha mashine ipoe, funga choki (kile kizibo cha kupunguza hewa) kwanza ili vumbi lisidondokee kwenye kabureta, pale petroli inapochanganyika na hewa, ndipo ufungue kifuniko. Chujio la sponji lioshe kwa maji na sabuni, likamue bila kulisokota, likaukie kivulini. La karatasi usiliweke maji: ligonge taratibu upande wa nje, na likishakuwa jeusi nunua jipya. Ukiweza kuwa na mawili, moja linavaa na jingine linakauka, utaniombea dua. Wanaooshea sponji kwenye petroli waache, sponji inachakaa upesi, na petroli ndani ya beseni uani kwenye watoto si mchezo.

Hatua ya tatu: silinda na feni

Silinda ina mapezi, yale mabati membamba yaliyopangwa kama kurasa. Kazi yake ni kutoa joto. Yakijaa salfa iliyochanganyika na mafuta, injini inachemka hata kama mchanganyo wako ni sahihi. Mara moja kwa wiki toa gamba la plastiki, pitisha brashi kavu katikati ya mapezi na kwenye wavu wa feni. Mswaki mkuukuu unatosha.

Hatua ya nne: plagi

Ifungue injini ikiwa baridi, uisome. Rangi ya kahawia kama chai ya maziwa: kila kitu kiko sawa. Nyeusi na ina mafuta: oili imezidi, au chujio limeziba, au umesahau choki. Nyeupe kama chokaa: injini inapata joto kupita kiasi, petroli haifiki ya kutosha au kuna mahali inavuta hewa. Hiyo nyeupe usiipuuze hata siku moja.

Nafasi kati ya jino la plagi na ncha yake ya katikati, kwa plagi nyingi za aina hii, ni kati ya milimita 0.6 na 0.7, ingawa zipo za 0.5, kitabu kitakwambia. Huna kipimo? Kipande cha msumeno wa kukatia chuma kina unene wa karibu milimita 0.65. Kipitishe, kikipita kwa kugusagusa umepata. Unaporudisha, anza kwa vidole mpaka ikae, ndipo spana. Mtu akianza na spana huharibu nyuzi za silinda, na hapo ndipo gharama inapoanza.

Hatua ya tano: njia ya petroli

Ndani ya tangi kwa mashine nyingi kuna kichujio kidogo mwishoni mwa mpira. Kivute kwa waya uliokunjwa ndoano, kikiwa kimekuwa cheusi badilisha, na kwa vyovyote badilisha kila msimu. Mpira wenyewe ukikakamaa na kupasuka, injini inavuta hewa.

Halafu ile kofia ya tangi. Ina tundu dogo la kupumulia. Salfa ikiliziba, mashine inawaka, inapiga dakika kumi, inazima. Ukifungua kofia unasikia "fsss", unawasha inakubali, dakika kumi tena inazima. Watu wamebadilisha kabureta nzima kwa kosa la tundu la sindano.

Kabureta yenyewe, kama huijui, usizungushe skrubu zake. Isafishe kwa nje uiache.

Hatua ya sita: ekzosi, boliti na mnyororo

Ekzosi ikijaa masizi, mashine inawaka lakini haina nguvu ya kufikisha unga juu ya mkorosho mkubwa. Ifungue katikati ya msimu, kwangua mdomo wake, na kama ina kile kiwavu cha kuzuia cheche kipige brashi ya waya. Boliti kaza zote, mtetemo huzilegeza.

Usikate ule waya au mnyororo unaoning'inia kutoka kwenye bomba la kupulizia. Wengi huuona ni takataka. Unga mkavu ukipita kasi kwenye plastiki hutengeneza umeme, na salfa iliyotanda hewani huwaka kwa cheche ndogo tu. Ule mnyororo unashusha umeme ardhini. Kwa sababu hiyo hiyo, usiongeze petroli injini ikiwa ya moto, na usijaribu cheche ya plagi karibu na mifuko ya salfa.

Hatua ya saba: kuiweka msimu ukiisha

Septemba watu wanawaza korosho za kwanza na mnada, mashine inatupwa stoo na salfa yake ndani. Itoe yote. Tangi la salfa lioshe ulikaushe kabisa, injini ifute kwa kitambaa na brashi, usiimwagie maji. Mwaga petroli iliyobaki, washa mpaka izime yenyewe ili kabureta ibaki kavu. Fungua plagi, tia kijiko kimoja cha chai cha oili ya 2T kwenye tundu, vuta kamba polepole mara mbili tatu, rudisha plagi. Malizia kwa kuvuta kamba mpaka uhisi inakaza, iache hapo. Itundike juu, mbali na panya na mbali na mifuko ya salfa.

Maswali karibuni.

Mwanachama, Tandahimba: Shukrani kaka. Mimi nazidisha oili kidogo makusudi, nikiamini bora izidi kuliko kupungua. Nakosea?

Kupungua ni kubaya zaidi, hapo uko sahihi. Lakini ikizidi inaziba ekzosi kwa masizi na kulowesha plagi. Halafu kuna jambo watu hawalifikirii: kila nafasi inayochukuliwa na oili ni petroli iliyopungua, kwa hiyo injini inaweza kwenda na joto zaidi. Pima tu.

Mwanachama, Ruangwa: Mwalimu, mashine yangu inawaka ikiwa nimefunga choki. Nikifungua inazima. Fundi wa hapa ameniambia ninunue plagi, nimenunua mbili tayari.

Pole dada. Plagi hazina kosa. Ukifunga choki unapunguza hewa, injini inafurahi, maana yake petroli inayofika ni kidogo. Anza na kichujio cha ndani ya tangi, kisha mpira wake, kisha gasketi kati ya kabureta na silinda. Vikiwa vizima vyote, kabureta ifunguliwe isafishwe. Na usiendelee kupulizia huku choki imefungwa nusu, najua kuna watu wanafanya hivyo.

Mwanachama, Masasi: Naruhusiwa kupuliza chujio kwa upepo wa wale wanaojaza matairi?

La karatasi, kwa upepo mdogo, kutoka ndani kwenda nje, na uweke mbali kidogo. Ule upepo wote wa tairi unalitoboa vitundu usivyoviona. La sponji halihitaji, lioshe.

Mwanachama, Nachingwea: Shamba langu napulizia salfa ya unga, na baadaye dawa ya maji kwa ajili ya wadudu. Mashine ni hiyo hiyo. Kuna shida?

Kwa injini hakuna. Shida iko kwenye tangi na bomba: unga ukikuta unyevu unashikana mabonge, njia inaziba, na wewe unadhani injini imepungua nguvu unaanza kuongeza moto. Unapohama kutoka maji kwenda unga, kausha kwa siku nzima. Angalia pia mipira ya vifuniko.

Mwanachama, Liwale: Shikamoo fundi. Baba yangu anataka kununua mashine iliyotumika. Muuzaji anasema imepiga msimu mmoja tu. Nitajuaje?

Marahaba mwanangu. Usiisikilize ikiwaka, karibu zote zinawaka mbele ya mnunuzi. Kwanza vuta kamba polepole: ikifika mahali inatakiwa ikukatalie kwa nguvu kisha ikuachie. Ikiteleza tu kama ya ile mashine ya mjomba wangu, ondoka. Ikikukatalia, mwambie akufungulie ekzosi, boliti mbili tu. Umulike ndani kwa tochi ya simu huku unavuta kamba taratibu. Pistoni ionekane laini, inang'aa. Ukiona michirizi ya juu kwenda chini, ilitembea bila chujio au bila oili, na hiyo bei aliyokutajia ni ya gamba.

Mwanachama, Liwale: Asipokubali kufungua?

Basi ameshakujibu. Mwambie baba asubiri, au njooni na hela zenu mpaka Newala tutafute pamoja. Jumamosi nipo.