Somo: Fildi, vyeti na bodi kwa wanaosomea uhasibu wakiwa bado chuoni

Wadogo zangu mnaosomea uhasibu, somo hili ni lenu, hasa mlio mwaka wa kwanza na wa pili. Kila baada ya mahafali napigiwa simu na vijana wenye GPA (wastani wa alama za chuo) nzuri wanaouliza waanzie wapi. Wengi wamekwama kwa mambo ambayo wangeyamaliza wakiwa bado hosteli, na huwa inaniuma.

Hatua ya kwanza: majina

Weka mezani cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne, cha sita na kitambulisho cha NIDA. Soma jina herufi kwa herufi. Ajira Portal, mfumo wa maombi ya kazi za Serikali, unajisajili kwa namba ya NIDA yenye tarakimu 20, na vyeti vyako vikisema jina jingine utatakiwa kueleza. Mimi cheti cha kidato cha nne kilikuwa na jina la babu, cha kuzaliwa hakikuwa nalo. Niligundua siku mbili kabla ya tangazo kufungwa, nafasi ikanipita.

Tofauti ndogo huandaliwa hati ya kiapo kwa wakili. Ukibadili jina lenyewe, hati yake inasajiliwa kwa Msajili wa Hati. Hizo si shughuli za kukimbizana nazo wiki ya mwisho ya maombi.

Hatua ya pili: fildi

Fildi ni mafunzo ya vitendo kazini, na hapa nitakaa kidogo, maana ndipo kazi inapopatikana au inapopotea.

Barua za kuomba fildi zianze kutoka Januari. Ukisubiri mitihani iishe, ofisi zimeshajaa. Halafu usifuate jina la ofisi. Fildi yangu ya kwanza niliifanya kwenye ofisi kubwa ya ghorofa nyingi, nikamaliza wiki nane nikitoa fotokopi na kubana risiti. Mwaka uliofuata nilikwenda kwa mama mmoja Mwanza mwenye ofisi ya vyumba viwili, anawatunzia hesabu wafanyabiashara wadogo. Siku ya kwanza akaniwekea boksi la risiti: "Zipange kwa tarehe, kisha uniambie ipi haipo." Kufikia wiki ya tatu nilikuwa nalinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki, natafuta tofauti ya shilingi elfu nne hadi naipata. Nilijifunza kwamba PAYE, yaani kodi ya mshahara, inalipwa ndani ya siku saba baada ya mwezi kuisha, na ritani (taarifa) ya VAT, kodi ya ongezeko la thamani, inapelekwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Darasani nilikuwa nimeyasoma hayo, lakini pale nilimwona mteja akilia kwa faini ya kuchelewa.

Kwa hiyo omba halmashauri, hospitali za misheni, vyama vya akiba na mikopo, ofisi ndogo za ukaguzi. Ukifika, usikae ukingoje kuitwa. Mwambie msimamizi: "Naomba wiki hii nijifunze mishahara." Logbuku, daftari la kazi zako za kila siku, ijaze kila jioni, na andika ulichofanya wewe mwenyewe, usiandike "nilisaidia idara". Siku ya kuondoka omba ruhusa ya kumweka msimamizi kuwa mdhamini wako. Matangazo ya Serikali yanataka wadhamini watatu, na mtu aliyekuona ukifanya kazi ana uzito kuliko mjomba.

Hatua ya tatu: bodi

NBAA, bodi ya taifa ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu, hufanya mitihani Mei na Novemba. Mwenye shahada ya uhasibu kwa kawaida haanzii ngazi ya chini kabisa. Chukua silabasi yao ukiwa mwaka wa tatu, uiweke kando ya madesa (notisi) yako ya kodi na ukaguzi, utaona yanavyofanana. Ukianza wakati kichwa bado kina moto, unajiokolea miaka.

Hatua ya nne: jalada

Barua yenye saini, wasifu, cheti cha kuzaliwa, vyeti vilivyothibitishwa na wakili. Hati za matokeo ya muda hazipokelewi, kwa hiyo cheti kikitoka chuoni kifuate mapema.

Maswali yenu

*Kaka, nina GPA ya 2.9. Nimeshapotea?*

Hujapotea, mdogo wangu. Matangazo mengi yanataja shahada na fani, mchujo unafanywa kwenye usaili wa kuandika. GPA inabana kwenye uhadhiri, ambako nafasi za kuanzia huhitaji 3.8. Wewe weka nguvu kwenye fildi na bodi.

*Nina mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi. Mshahara wa laki nane kampuni binafsi utanibakizia nini?*

Hesabu hii kila mwanafunzi wa uhasibu aifanye kabla ya kusaini mkataba. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, asilimia 10, yaani 80,000. Inabaki 720,000 ya kutozwa kodi, na PAYE yake ni 60,000. HESLB asilimia 15 ya mshahara wa msingi, 120,000. Mkononi unapata 540,000. Tafuta chumba cha kupanga kwa kuangalia namba hiyo.

*Nasomea uhandisi ujenzi. Linanihusu?*

Majina, fildi na jalada, ndiyo. Bodi yenu ni ERB, ya usajili wa wahandisi, ambayo ina mpango wa miaka mitatu wa wahitimu kufanya kazi chini ya mhandisi aliyesajiliwa. Ulizia ungali chuoni.

*Nauliza kwa aibu. Msimamizi wa fildi ananiambia nimfuate jioni, la sivyo hasaini logbuku.*

Aibu si yako, mdogo wangu. Hiyo ni rushwa ya ngono, kosa chini ya kifungu cha 25 cha sheria ya kupambana na rushwa ya 2007. Usiende. Usifute ujumbe wowote aliokutumia. Piga TAKUKURU, taasisi ya kuzuia rushwa, namba 113, simu ni bure, na leo hii mwandikie mratibu wa fildi wa chuo uombe kuhamishwa. Logbuku ipige picha ukurasa kwa ukurasa, ili wiki ulizofanya kazi zisipotee. Ukihitaji mtu wa kukusaidia kuandika hiyo barua, niandikie pembeni, tutaiandika pamoja usiku huu.