Vibao vya kuwekea glasi kwa mabaki ya mbao

Meza yetu ya sebuleni hapa Ngamiani ni ya mvule, aliitengeneza marehemu baba. Ina madoa matatu meupe ya duara, yote ya glasi za juisi ya ukwaju. Joto la Tanga halina huruma: glasi ikitoka kwenye friji, mara imeshatoa jasho, na maji yakituama juu ya vanishi hupenya na kuacha weupe. Doa la tatu liliniuma sana. Siku hiyohiyo nilikwenda kutafuta mbao.

Usinunue. Pita kwa fundi seremala wa mtaani, umwombe mabaki. Mimi hupenda mtiki, ule unaopandwa Longuza kule Muheza, kwa sababu una mafuta yake wenyewe ndani na maji hayausumbui upesi. Mninga na mkangazi pia vinafaa. Mwembe una mabaka mazuri, ila ukagonge kwanza: ukidondosha unga, bungua wamo, uache hapohapo.

Wengine hukata tawi bichi vipande vya duara kama muhogo wa kuchemsha. Vinapendeza siku ya kwanza. Lakini mti ukikauka husinyaa zaidi kufuata mzunguko wake kuliko kuelekea kwenye kiini, kwa hiyo kipande hupasuka kutoka ganda hadi katikati. Kama unayataka matawi, liache tawi refu kivulini miezi kadhaa, ncha zake umezipaka nta ili likauke polepole, ndipo ukate.

Kwa mbao kavu kazi ni nyepesi. Pima mraba wa sentimita 10, unene sentimita 1, ukate kwa msumeno wa meno madogo. Pembe zipunguze kwa tupa.

Msasa ndio wenye kazi. Anza na namba 80, kisha 120, umalizie na 220, ukifuata mwelekeo wa nyuzi za mbao. Ukipinga nyuzi utaacha mikwaruzo itakayoonekana ukishapaka mafuta. Halafu fanya jambo ambalo wengi hulikwepa: futa kibao kwa kitambaa chenye unyevu, kiache kikauke. Vinyweleo vya mbao vitasimama. Pitisha tena namba 220 kwa mkono mwepesi. Usipofanya hivyo, glasi ya kwanza yenye jasho itavisimamisha yenyewe, na kibao kitakuwa na mparuzo.

Kibao laini sana nacho kina shida yake. Glasi yenye maji chini hukinata, mgeni akiinyanyua kinapanda nayo, kisha kinaangukia sahani ya kashata. Kwa hiyo juu ya kila kibao napitisha msumeno kidogo, kina cha milimita moja tu, mistari mitatu huku na mitatu kule. Hewa inapita, glasi inaachia.

Sasa mafuta. Chukua mafuta ya maji ya kupaka watoto, yale meupe yasiyo na rangi, kwa kuwa hayachachi kama ya kula. Vijiko vinne kwa kijiko kimoja cha nta ya nyuki, ndani ya kopo lililokaa kwenye sufuria ya maji moto, wala si juu ya moto wenyewe. Paka pande zote, juu, chini na kingo. Ukipaka juu peke yake, upande wa chini utanyonya unyevu wa masika na kibao kitajipinda. Acha usiku kucha, asubuhi futa kilichobaki.

Vya vikombe vya chai sivitii nta, maana huyeyuka kwenye nyuzijoto 63 hivi. Mafuta peke yake yanatosha.

Chini gundisha vipande vidogo vya ndala iliyokwisha, visikwaruze meza. Usiloweke kibao, futa tu. Siku matone ya maji yatakapoacha kusimama juu yake na kuanza kunyonywa, paka mafuta tena.