Leseni ya setilaiti ndogo: malizana na masafa kabla ya roketi

Shika tarehe ya kurushwa, kisha rudi nyuma miaka miwili. Hapo ndipo kazi inaanza.

1. Chagua masafa. Bendi ya redio za ridhaa, MHz 435–438, huwavutia wengi, ila si ya biashara. Kampuni ya kuuza picha za dunia itume amri kwa MHz 2025–2110 na kushusha data kwa MHz 8025–8400.

2. Nenda mamlaka ya mawasiliano ya nchi yako. ITU, shirika la Umoja wa Mataifa linaloratibu masafa ya redio, haipokei faili kutoka kwa kampuni.

3. Andaa taarifa ya awali ya ITU. Miezi hupotelea hapa. Jaza kwenye SpaceCap, kagua kwa SpaceVal (zote ni programu za ITU) mpaka makosa yaishe, ndipo umkabidhi afisa wa mamlaka. Usimpe jedwali la Excel: kila tarakimu anayoinakili upya ni nafasi ya kukosea.

Kosa sugu liko kwenye alama ya utoaji, yaani msimbo unaoeleza upana na aina ya mawimbi unayotuma. Katika 25K0F1D, herufi K imekaa mahali pa nukta ya desimali: 25K0 ni kHz 25, 250K ni kHz 250. Transimita yenye kasi mbili inahitaji alama mbili, na watu huandika moja tu.

Halafu kimo. Ukipanda roketi ya kuchangia, kimo hupangi wewe. Ukiandika km 525 pekee kisha ukaachwa km 590, faili na setilaiti havifanani. Orodhesha vimo vyote vinavyowezekana. Bendi nazo ziingie zote mapema, kwani ukiongeza moja baadaye unaanza upya.

Taarifa ikichapishwa, nchi nyingine zina miezi 4 ya kutoa maoni. Yajibu yote, hata yanayoonekana ya kipuuzi. Ankara ya ITU ilipwe ndani ya miezi 6, la sivyo faili hufutwa.

4. Uchafu wa angani. DAS, programu ya NASA ya kukadiria hatari ya uchafu huo, ni bure na inatosha. Lenga setilaiti ishuke ndani ya miaka 5 baada ya kazi, kama Marekani inavyodai sasa. Ile 25 ya zamani isahau. Hatari ya kuumiza mtu ardhini isizidi 1 kwa 10,000.

5. Kituo cha ardhini. Leseni yake ni ya peke yake.

6. Roketi. Usipakie bila kibali mkononi. Januari 2018 kampuni ya Marekani, Swarm, ilirusha setilaiti nne ambazo FCC, mamlaka ya mawasiliano ya nchi hiyo, ilikuwa imezikatalia, ikihofia ni ndogo mno kufuatiliwa. Swarm ililipa dola 900,000.

7. Usajili. Ikishafika angani, ipe serikali vipimo halisi vya obiti iiandikishe Umoja wa Mataifa chini ya mkataba wa 1975.